Roma, London, Paris, Madrid au Lisbon: ukitaka kuona mji mkuu ulivyoanza, uende wapi?

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anafanya kazi Ujerumani. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, nina siku tano za likizo na hela ya safari moja tu. Sitaki minara wala maduka. Nataka mji mkuu mmoja wa Ulaya, nifike pale penyewe ulipoanzia. Niende wapi?" Nilimjibu kwa sauti ya dakika kumi na moja, naye akaniambia usingizi ulimchukua katikati. Basi nimeona niyaandike, maana najua wako wengine wenye swali lile lile.

Kabla ya yote, tuliweke pembeni swali la mji upi ni mkongwe zaidi. Halisaidii kuchagua. Chukua Athens. Juu ya mwamba wa Akropolis watu wameishi tangu zama za mawe, na kipande cha ukuta wa karne ya 13 KK kingali kimesimama karibu na lango la mahekalu. Lakini Athens kuwa mji mkuu wa Ugiriki ya leo ni jambo la 1834, serikali ilipohamishwa kutoka Nafplio, na siku hizo ulikuwa mji mdogo uliochakazwa na vita. Mji ni kitu kimoja, mji mkuu ni kingine, na mara nyingi kati ya viwili hivyo pamepita karne nyingi. Mimi nikichagua huangalia mambo mengine: kuna nini cha kuona kwa macho, udongo unakubaliana vipi na hadithi, na nani aliupa mji huo ukubwa, kwa sababu gani.

Roma: kibanda kabla ya dola

Hadithi inaipa Roma tarehe ya kuanza hadi siku: 21 Aprili 753 KK. Pacha wawili, Romulus na Remus, walionyonyeshwa na mbwa-mwitu, kisha mmoja akamuua mwenziwe na kuupa mji jina lake. Hesabu ya mwaka huo inatokana na msomi Varro, aliyeishi karne ya 1 KK, yaani zaidi ya miaka 600 baada ya tukio analolihesabu. Ichukue kama tunavyoichukua hadithi ya Washirazi na majahazi saba ya Kilwa: ina uzito mkubwa kwa waliokuwa wakiisimulia, ila usiiwekee kalenda.

Kinachofurahisha ni kwamba chini ya hadithi hiyo kuna kitu. Mwaka 1948, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya kilima cha Palatine, wanaakiolojia walikuta mwamba umetobolewa matundu ya duara, yamejipanga kwa umbo la yai. Ni mashimo ya nguzo za vibanda, vya karne ya 9 na ya 8 KK. Watu wale walisimika nguzo, wakafunga fito, wakakandika udongo, juu wakaezeka nyasi. Aliyekulia nyumba ya udongo kijijini hahitaji mwongozaji amweleze hapo. Atasimama mbele ya matundu yale na kujua mlango ulikuwa wapi na nguzo ya kati ilibeba nini. Na Warumi wenyewe, hata walipokuwa na mahekalu ya marumaru na dola ya kutisha, waliendelea kukitunza kibanda kimoja kilimani wakikiita nyumba ya Romulus. Kikiungua au kikiezuliwa na upepo, wanakijenga upya vile vile, kwa nyasi.

Kwa nini hapo na si kwingine? Mto Tiber una kisiwa, na kwenye kisiwa maji hupungua nguvu, kwa hiyo pakawa kivuko. Chumvi ilitoka pwani ikipanda bara kupitia hapo, na barabara yake mpaka leo inaitwa Via Salaria, barabara ya chumvi. Bonde lililokuwa kinamasi chini ya vilima lilikaushwa kwa mfereji mkubwa na kugeuka Forum, uwanja wa soko na siasa.

Kasoro ya Roma ni wingi wa Roma. Mwanzo wake umefunikwa na dola, dola imefunikwa na mapapa, na vyote vimefunikwa na watalii. Tiketi ya Palatine ni ile ile ya Colosseum na Forum, na wengi humaliza nguvu zao Colosseum, wakifika kwenye matundu ya nguzo wanayapita wakidhani ni ukarabati. Tena kama unatafuta mji mkuu wa nchi iitwayo Italia, Roma ulipewa kazi hiyo 1871 tu. Kabla yake ilikuwa Torino, kisha Firenze.

London: hati ya deni

Ukipenda ushahidi kuliko hadithi, London hauna mpinzani. Hauna Romulus wala mbwa-mwitu. Warumi waliivamia Uingereza mwaka 43 BK, na miaka michache baadaye wafanyabiashara na mafundi wakajikusanya kwenye ukingo wa kaskazini wa Thames, mahali palipofaa kuweka daraja na ambapo meli za baharini zilifika. Tunajua karibu mwaka wenyewe: chini ya barabara ya Kirumi, mahali paitwapo leo Poultry, palikutwa mtaro wa mbao, na ukizihesabu pete za mti unapata kwamba miti ile ilikatwa majira ya baridi ya mwaka 47 kuingia 48.

Lakini kitu kinachonifanya nimtaje kila mtu London ni ubao mmoja mdogo. Kijito cha Walbrook, ambacho sasa kimezikwa chini ya majengo ya mabenki, kilikuwa na tope jingi, na tope hilo lilihifadhi mbao. Katika uchimbaji wa kuanzia 2010 pakatoka mbao za kuandikia zaidi ya 400. Kila ubao ulikuwa umepakwa nta nyeusi, mwandishi akikwaruza herufi kwa kalamu ya chuma. Waliosoma chuoni kwa ubao na wino wa masizi wataielewa haraka: unaandika, unafuta, unaandika tena. Nta imeshapotea, ila pale kalamu ilipokandamizwa sana imeacha mikwaruzo kwenye mti, na mikwaruzo hiyo ndiyo iliyosomwa. Ubao mmoja una tarehe: 8 Januari mwaka 57. Mtu aitwaye Tibullus, aliyekuwa mtumwa wa Venustus kabla ya kuachwa huru, anakiri kwamba anadaiwa na Gratus, naye mtumwa aliyeachwa huru na Spurius, dinari 105, bei ya bidhaa zilizokwisha kuuzwa na kukabidhiwa.

Dinari! Neno lile lile lililozunguka kwa Wagiriki na Waarabu hadi likafika kwetu. Mji haujafika hata miaka kumi, tayari watumwa walioachwa huru wanakopeshana kwa maandishi. Ukitaka kujua London ulianzia kwenye nini, haukuanzia kwenye kasri wala kanisa. Ulianzia kwenye deni.

Miaka mitatu au minne baada ya hati hiyo, malkia Boudica, aliyewaasi Warumi, na jeshi lake waliuteketeza mji wote. Wachimbaji wa misingi ya majengo katika City, eneo la mabenki ulipokuwa mji huo wa kale, bado hukutana na tabaka la udongo mwekundu uliookwa na moto ule. Mji ukajengwa tena, ukapata uwanja wa mapambano, na mnamo mwaka 200 ukazungushiwa ukuta. Karne ya 5 Warumi walipoondoka, watu wakauacha. Wasaksoni hawakuupenda ule mji wa mawe, wakajenga wao magharibi, nje ya ukuta, bandari ya Lundenwic, upande wa Covent Garden. Mfalme Alfred alipowarudisha watu ndani ya ukuta mwaka 886, kule walikohama pakaitwa Aldwych, yaani kijiji cha zamani. Jina hilo bado limeandikwa kwenye vibao vya barabara.

Ukuu nao ulichelewa. Makao ya kwanza ya Warumi yalikuwa Colchester. Serikali ya Uingereza ilikuja kukaa Westminster, mwendo wa kutembea kutoka mji wa kale, baada ya mfalme Edward kujenga abasia yake hapo katika karne ya 11. Mpaka leo fedha ziko upande mmoja na wafalme upande mwingine.

Pesa ya kuingia si tatizo. Hekalu la Mithras, mungu wa zama za Warumi, zinapoonyeshwa baadhi ya zile mbao, ni bure. Uwanja wa mapambano, uliogunduliwa 1988 chini ya Guildhall, ni bure. Kipande kirefu cha ukuta kiko nje ya kituo cha treni cha Tower Hill, unakigusa kwa mkono, ingawa sehemu yake ya juu ni ya zama za baadaye. Tatizo ni viza. Kibali chako cha kukaa Ujerumani au Ufaransa hakikuvushi Uingereza kama unatumia pasipoti yetu. Viza yake inaombwa peke yake na inalipiwa peke yake, na siku tano za likizo haziisubiri. Halafu ujiandae kushuka ngazi. Mwanzo wa London uko kwenye vyumba vya chini vya ofisi, na katikati ya chumba kimoja na kingine unakutana na watu wenye suti wanaokimbilia chakula cha mchana.

Paris: mji uliohama ng'ambo ya mto

Nitasema wazi kwamba Paris naupenda kwa mambo mengine kuliko kwa mwanzo wake. Hadithi ya vitabuni ni fupi: kabila la Waparisii, Wagauli wenyeji wa Ufaransa ya kale, waliishi kisiwani katikati ya Seine, Warumi wakaja, mji ukaitwa Lutetia. Mwaka 52 KK jeshi la Labienus, kamanda wa Kaisari, lilipokaribia, wenyeji waliuchoma mji wao wenyewe na kukata madaraja ili adui asifaidi. Hapo ndipo ugumu unapoingia. Kisiwani hapajatoka ushahidi mzito wa mji wa Waparisii, na mwaka 2003 wachimbaji walikuta makazi makubwa ya Wagauli huko Nanterre, magharibi ya Paris ya sasa. Kwa hiyo ile sentensi ya "Paris ilianzia kisiwani", iliyoandikwa kila mahali, ina watu wanaoitilia shaka, na wana hoja.

Mji wa Kirumi hauna utata: uko ukingo wa kushoto. Barabara ya Saint-Jacques inafuata mstari wa njia kuu ya Kirumi. Mabafu ya Cluny bado yana ukumbi wenye paa lake la zege la Kirumi, na hilo si jambo dogo kaskazini mwa Ulaya. Na Arènes de Lutèce, uwanja uliofukuliwa wakati wa kuchonga barabara ya Monge, miaka ya 1869 na 1870, uliponea chupuchupu kubomolewa; Victor Hugo alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele uhifadhiwe. Leo wazee wa mtaa huchezea humo mchezo wao wa kurusha matufe ya chuma, na kuingia ni bure.

Faida kubwa ya Paris ni upande wa ukuu. Mfalme Clovis aliufanya makao yake mwaka 508, mapema kuliko miji mingi katika orodha hii. Ukitaka kuona mji ambao umahiri wake umekuwa ni kutawala, nenda huko. Ukitaka kuona kibanda cha kwanza, utarudi na picha za maduka ya mikate.

Madrid: ngome ya amiri

Wengi hawajui kwamba mji mkuu wa Hispania ulianzishwa na Waislamu. Amiri Muhammad I wa Córdoba, aliyetawala 852 hadi 886, alijenga ngome juu ya kilima kinachotazama mto Manzanares ili kulinda njia ya kwenda Toledo. Ikaitwa Mayrit, jina ambalo wanaisimu wengi hulihusisha na mikondo ya maji. Kuna msemo wa kale unaosema kwa niaba ya mji: nilijengwa juu ya maji, kuta zangu ni za moto. Maji ni ya mifereji ya chini ya ardhi. Moto ni wa mawe ya gumegume ukutani, yaliyotoa cheche yakipigwa.

Kwa sikio la Kiswahili Madrid una utamu wake. Kanisa kuu linaitwa Almudena, neno linalotokana na al-mudayna, kijimadina, kwa maana ya ngome ndogo. Na mnajimu mkubwa wa Andalusia, Maslama, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliitwa al-Majriti, yaani mtu wa Madrid, kama wanavyoitwa watu wetu kwa miji yao.

Ila tuseme ukweli: kilichobaki ni kidogo. Ni kipande cha ukuta kwenye bustani ndogo iliyopewa jina la amiri huyo, mteremko wa Cuesta de la Vega, nyuma ya kanisa. Nusu saa unakuwa umemaliza. Mfalme Mkristo Alfonso VI aliuchukua mji karne ya 11, ukakaa kimya miaka mamia, mpaka mfalme Felipe II alipoihamishia baraza yake hapo mwaka 1561 kutoka Toledo. Haukuwa na bandari, wala askofu wake, wala mto wa maana. Ulikuwa katikati ya nchi na haukuwa na wakubwa wa kumbishia mfalme. Mwaka 1601 serikali ikahamia Valladolid, na 1606 ikarudi. Kwa mpenzi wa siasa huo ni mwanzo mzuri sana, lakini ni mwanzo wa kusoma, si wa kutazama.

Lisbon: matabaka yote kwenye shimo moja

Hadithi ya Lisbon ni kwamba ulianzishwa na Odysseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, akipotea baharini. Udongo unasema Wafoinike, mabaharia wafanyabiashara wa pwani ya Lebanon, katika karne ya 8 KK au karibu na hapo, waliofuata mdomo wa mto Tejo kama walivyofuata kila ghuba tulivu. Mabaki ya zama zao yamekutwa chini ya kanisa kuu na kwenye kilima cha ngome. Baadaye ukawa Olisipo wa Warumi, kisha al-Ushbuna wa Waislamu kwa zaidi ya miaka 400. Mwaka 1147 Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliuzingira kuanzia Julai hadi Oktoba, akisaidiwa na Waingereza, Wafleming na Wajerumani waliokuwa safarini kwenda vita vya msalaba. (Mwaka huo huo ndipo Moscow unatajwa kwa mara ya kwanza katika maandishi. Halina uhusiano wowote, ila nalipenda.) Mnamo 1255 makao ya mfalme yakahama Coimbra kuja Lisbon.

Sasa sikiliza. Katika mtaa wa Rua dos Correeiros, katikati ya mji, benki moja ilikuwa inakarabati jengo lake miaka ya 1990, wakakuta mabirika ya Kirumi ya kutilia samaki chumvi. Hawakuyafukia. Leo unashuka chini ya benki na mwongozaji, na kwenye nafasi isiyozidi uwanja wa nyumba ya kawaida unaona kiwanda hicho cha samaki, mabaki ya zama za Kiislamu, misingi ya zama za kati, na mwisho, katika maji ya chini ya ardhi, nguzo za msonobari zilizopigiliwa baada ya tetemeko la 1 Novemba 1755, ambazo zinabeba majengo ya juu hadi sasa. Miti ile haiozi kwa sababu haikauki. Sijui mji mkuu mwingine ambapo historia nzima imepangwa hivyo kama vitambaa dukani.

Ukitoka hapo unapanda Alfama, mtaa ulionusurika zaidi na tetemeko. Jina lake linatoka kwenye Kiarabu, neno moja na hamamu zetu. Aliyepita Hamamni pale Mji Mkongwe ameshalizoea. Vichochoro havina mpango, kuta zinakaribiana, wanawake wanazungumza kutoka dirisha hadi dirisha. Na kwenye kila kona kibao kinakuelekeza "igreja". Maana yake ni kanisa. Ndilo neno hilo hilo lililobaki kwetu likiwa gereza, na ukijua Wareno walivyokaa Mombasa na Kilwa huwezi kushangaa sana. Toka mtoni hapo chini Vasco da Gama aling'oa nanga Julai 1497, na Aprili 1498 alikuwa mbele ya Mombasa, kisha Malindi.

Miji mingine nimeiacha kwa makusudi. Berlin huhesabu umri wake kuanzia hati ya 1237 inayoutaja Cölln, mji pacha wake, lakini "mtaa wa kale" wa Nikolaiviertel ulijengwa upya miaka ya 1980 kwa ajili ya sherehe ya miaka 750. Reykjavik una nyumba ndefu ya karne ya 10 iliyokutwa 2001 mtaa wa Aðalstræti, imehifadhiwa pale pale, na tabaka la majivu ya volkano linaloonyesha watu walifika mnamo 871. Ni safi kabisa, ila nauli na chakula vitakula hela ya safari mbili.

Kwa hiyo nilimwambia dada hivi. Kama asingekuwa na shida ya viza, London, kwa ajili ya Tibullus na deni lake. Kama angekuwa na watoto, Roma, maana mbwa-mwitu hamchoshi mtoto. Madrid ni wa kupitia siku moja, na Paris aende kwa sababu nyingine. Kwa siku tano, kibali chake cha Ujerumani na masikio yake ya Mvita, Lisbon. Aandikishe mapema ziara ya Rua dos Correeiros, kwa sababu wanaingiza watu wachache kwa zamu. Na avae viatu vyenye kushika: mawe ya Alfama yameng'arishwa na nyayo, mvua ikinyesha kidogo tu ni utelezi mtupu.